Maji ya chupa, jua la Mtwara na makopo yasiyo na pa kwenda

Hotuba kwa wenye maduka, mama lishe, wavuvi na wenyeviti wa mitaa, Mikindani

Ndugu mwenyekiti wa kikao, wenyeviti wa mitaa, viongozi wa BMU (vikundi vya kusimamia ufukwe na uvuvi), mama lishe, wenye maduka, walimu, wazee wetu na vijana mliotoka pwani: Asalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwenu nyote habari za asubuhi.

Tumeombwa tuzungumzie maji ya chupa. Hatukuja kuwaambia muyaache leo. Kisima kikiwa karibu na choo, kipindupindu kikiwa kimetangazwa, bomba likitoa tope na kuna mtoto wa kukorogewa maziwa ya unga, chupa iliyofungwa sawasawa yenye alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, inaokoa maisha. Tunachokipinga ni mazoea: nyumba yenye maji yanayoweza kutibiwa kwa gharama ndogo inanunua katoni kila wiki, na kikao cha watu 50 kinawekewa chupa ndogo 50 ambazo nusu yake zinaachwa zikiwa na maji ndani. Chupa ilikuwa kimbilio, sasa imekuwa kawaida, na huku kusini ikiisha haina pa kwenda.

Tuanze na chupa yenyewe, maana mengi yanayosemwa vijiweni yanachanganya vitu viwili tofauti. Igeuzeni mtazame kitako. Chupa ya nusu lita au ya lita moja na nusu ina pembetatu yenye namba 1, inayotaja aina ya plastiki, na mara nyingi herufi PET, jina la plastiki hiyo. Kizibo chake si plastiki hiyo; ni namba 2 au namba 5, nyepesi kuliko maji. Lile chupa kubwa la dispensa, la lita 18.9, mara nyingi ni namba 7, yaani polikaboneti, ingawa siku hizi yapo ya PET pia. Kemikali inayoitwa bisfenoli A, ambayo wengi mmeisikia kwamba inavuruga homoni, ni ya polikaboneti. Haimo kwenye PET. Kwa hiyo anayeiogopa aangalie kwanza dispensa ya ofisini: chupa lililochubuka ndani, lililofifia kwa kuzungushwa miaka mingi, lililokaa juani nyuma ya pikapu. Hilo ndilo la kulikataa.

PET nayo ina lake. Inapotengenezwa kiwandani huwekewa kichocheo cha antimoni, aina ya madini, na kiasi kidogo hubaki ndani ya plastiki. Joto huisukuma iingie kwenye maji. Watafiti wa Arizona nchini Marekani walilipima jambo hili mwaka 2008, na namba zao zinafaa zijulikane na kila mwenye duka. Kwa nyuzi joto 60, ilichukua siku 176 kabla antimoni haijapita kikomo cha Marekani cha mikrogramu 6 kwa lita. Kwa nyuzi 65, siku 38. Kwa nyuzi 80, siku mbili na saa chache tu. Shirika la Afya Duniani linaruhusu mikrogramu 20, kwa hiyo kikomo cha Marekani ni kikali zaidi. Maana yake ni hii: chupa iliyokaa dukani kivulini, hata joto la Mtwara likifika nyuzi 32 au 33, haina shida ya antimoni. Iliyosahauliwa wiki nzima ndani ya gari lililofungwa vioo juani, ambamo joto linaweza kukaribia au kupita nyuzi 60 mchana, haitakuua, lakini ndiyo inayoelekea kubaya. Na joto la namna hiyo lisirudiwe mwezi hadi mwezi kwa maji yale yale.

Ile ladha ya plastiki mnayoilalamikia ni kitu kingine. Ni asetaldehaidi, inayotoka kwenye PET chupa ikipata joto, na ulimi huitambua hata ikiwa kidogo sana. Ni dalili kwamba katoni ile imeshaungua jua mahali fulani kati ya kiwanda na meza yako. Maji mengi tunayouziwa huku hupita barabara ya kilomita 560 hivi kutoka Dar es Salaam, chini ya turubai, kisha yanapangwa mlangoni ili mpita njia ayaone. Wenye maduka, mlangoni pangeni chupa tupu za maonyesho. Katoni zikae ndani, juu ya mbao zilizoinuka sakafuni, mbali na mafuta ya taa, petroli, rangi, sabuni za unga na dawa za mikorosho. PET hupitisha harufu. Maji yaliyolala mwezi mmoja jirani na dumu la mafuta ya taa yataonja mafuta ya taa hata kama kizibo hakijaguswa. Za zamani zitoke kwanza. Tarehe iliyoandikwa imewekwa kwa sababu ya chupa na utunzaji wake, kwa vile maji yenyewe hayachachi.

Sasa chembe ndogo za plastiki, ambazo ndizo zinazotisha watu zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kule Fredonia walipima chupa 259 za kampuni 11, zilizonunuliwa katika nchi 9. Asilimia 93 zilikuwa na chembe, wastani 325 kwa kila lita. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, kwa mashine inayoona vidogo zaidi, walihesabu takriban chembe 240,000 kwa lita, na karibu asilimia 90 zilikuwa ndogo kiasi cha kuitwa nanoplastiki. Idadi ilipanda kwa sababu darubini imekuwa kali. Haina maana kwamba maji yameharibika ghafla katika miaka sita.

Je, zinadhuru? Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema ushahidi uliokuwapo haukuonyesha hatari kwa viwango vinavyopatikana kwenye maji ya kunywa, likataka utafiti zaidi. Machi 2024 madaktari wa Italia walichapisha habari za wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya shingo iliyoziba. Katika mafuta yaliyoganda ndani ya mishipa ya wagonjwa 150 walikuta polietilini, aina ya plastiki, na hao, katika kufuatiliwa kwa karibu miezi 34, walikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo mara nne na nusu ya wale wasiokuwa nayo. Utafiti ule haukuthibitisha kwamba plastiki ndiyo iliyosababisha, wala haukuhusu maji ya chupa peke yake. Msimamo wetu ni wa kati na tunausema waziwazi: hofu isimfanye mtu arudi kwenye maji ya kisima kichafu, kwa sababu kuhara huua mtoto kwa siku chache, lakini mtu mwenye njia nyingine salama hana sababu ya kuendelea kumeza chembe hizi kwa hiari, na kwa bei ile.

Chembe nyingine tunazitengeneza wenyewe. Kila kizibo kinapofunguliwa na kufungwa, nyuzi za shingo na kizibo husuguana na kutoa unga usioonekana. Chupa ile ile ikijazwa na kufungwa mara mamia, ikabinywabinywa ndani ya begi la shule, ikasuguliwa kwa mchanga au mchele ili ing'ae, unga unaongezeka. Shingo yake nyembamba haiingizi mkono wala brashi, basi utelezi wa vijidudu hukaa ndani begani mwa chupa. Mtoto wa shule anunuliwe chupa ngumu yenye mdomo mpana, ya namba 5 au ya chuma kisichoshika kutu, ioshwe kila jioni kwa sabuni na ikaushwe ikiwa imeinamishwa. Na tafadhali, akina mama, msimimine chai au uji wa moto kwenye chupa ya PET. Plastiki hii huanza kulainika ikikaribia nyuzi 70; mnaona inavyojikunja. Ikijikunja imeshavuka mpaka.

Kuna matumizi mengine ya chupa ya maji ambayo kwetu ni hatari kuliko chembe zote tulizozitaja. Msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, dawa ya maji hununuliwa kwa kugawana: lita moja watu wanne, na kila mmoja anaondoka na fungu lake ndani ya chupa ya maji ya nusu lita, bila lebo. Inafika nyumbani inawekwa dirishani. Mtoto ana kiu, anaijua chupa ile, anakunywa. Hivyo hivyo kwa mafuta ya taa na petroli ya bodaboda. Dawa ibaki kwenye chombo chake cha dukani. Kama lazima mgawane, gawaneni kwa kuipulizia siku moja shamba kwa shamba, au nunueni vifungashio vidogo. Mtoto akishakunywa dawa au mafuta ya taa, msimtapishe na msimpe maziwa. Yakirudi juu huingia mapafuni na hapo ndipo hali huharibika. Mkimbizeni hospitali pamoja na chombo chenye jina la dawa, ili mganga ajue anapambana na nini.

Tuje kwenye maji ya nyumbani, maana bila hayo kukwambia upunguze chupa ni maneno matupu. Fanyeni hesabu. Chupa ya nusu lita kwa shilingi 500 ni shilingi 1,000 kwa lita. Ndoo ya lita 20, hata ukiinunua shilingi 100 kwenye gati la maji, ni shilingi 5 kwa lita. Tofauti ni mara 200. Sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo inatosha kununua dawa ya kutibu maji na ndoo yenye koki.

Kwa familia kubwa tunapendekeza klorini kabla ya kuchemsha. Kuchemsha kunafanya kazi vizuri mno, lakini lita moja inaweza kula karibu kilo moja ya kuni, na misitu ya Lindi na Mtwara imeshapigwa vya kutosha kwa mkaa. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 hutibu lita 20 za maji meupe. Kisome kwenye pakiti, kwa sababu vipo vya ukubwa tofauti. Koroga, funika, ngoja dakika 30. Maji yakiwa na tope, yaache yatulie kwanza, yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne au zaidi, ndipo utibu. Yakibaki na ukungu tumia vidonge viwili. Wengi hushindwa hapa: wanatumbukiza kidonge kwenye maji machafu, uchafu unaila klorini yote, vijidudu vinabaki hai, halafu mtu anasema dawa haifai. Kosa la pili ni kuchota kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono. Ndoo yenye koki inamaliza habari hiyo. Harufu kidogo ya klorini ni nzuri, inaonyesha kinga ipo. Yakikaa saa chache itapungua.

Anayechemsha asubiri mapovu makubwa yatawale sufuria nzima, aache dakika moja, afunike, na yapoe humo humo. Kuyamimina kwenye dumu lisilooshwa ni kuyarudisha yalikotoka. Wale ambao birika lao hujaa chokaa nyeupe wana faida moja: mwaka 2024 watafiti wa Guangzhou, China, walionyesha kwamba maji magumu yakichemshwa, chokaa hiyo hunasa chembe za plastiki, na ukiyachuja yakishapoa unaweza kuondoa hadi asilimia 90. Maji laini yalipunguza kama robo tu. Kitambaa chembamba au kichujio cha kahawa kinatosha kuzuia mabaki ya chokaa. Lakini kwenye visima vya ufukweni vyenye chumvi, wala klorini wala moto haviondoi chumvi. Moto unaiongeza kwa sababu maji yanapungua.

Mtauliza pia kuhusu kuweka chupa juani ili kuua vijidudu, kwamba tumesema jua ni baya na wengine wanafundisha watu walitumie. Njia hiyo ni ya kweli na ni ya dharura. Chupa nyeupe ya PET isiyozidi lita 2, isiyochubuka, maji yasiyo na tope, saa 6 za jua kali ikiwa imelazwa juu ya bati. Kukiwa na mawingu zaidi ya nusu ya anga, siku mbili. Kujua kama maji yako meupe vya kutosha, simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti na utazame kutoka juu hadi kitakoni. Kichwa cha habari kikisomeka, yanafaa. Saa sita za jua hazifanyi kazi ya miezi ya nyuzi 60, kwa hiyo hazigombani na yale tuliyosema juu ya antimoni.

Na mvua. Sisi tuna msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na wenzetu wa Newala na Tandahimba kule juu ya uwanda wa Makonde wamevuna maji ya paa tangu zamani kwa sababu mito haipo. Hesabu ni urefu wa paa mara upana, mara mvua, mara 0.8 kwa yanayopotea. Bati la mita za mraba 40 na mvua ya milimita 900 hutoa lita 28,800 kwa msimu. Mvua ya kwanza iache ioshe bati: mwaga lita 20 hadi 40 za mwanzo kwa paa la ukubwa huo, kila baada ya siku kadhaa za ukame, kwa bomba la pembeni lenye kizibo cha kufungua. Wavu kwenye mdomo wa simtanki ni lazima, la sivyo mbu watahamia. Maji hayo nayo yatiwe klorini kabla ya kunywewa.

Tugeukie pwani. Mkifanya usafi wa ufukwe mnaokota vizibo vingi kuliko chupa, na wengine wanadhani chupa zimepungua. Sivyo. PET ni nzito kuliko maji, gramu 1.38 kwa sentimita moja ya ujazo, na kizibo ni chepesi. Chupa iliyofungwa huelea kwa hewa iliyomo; ikishafunguka au kupasuka inazama, inalala kwenye nyasi bahari na matumbawe, humo humo ambamo samaki na kasa hula, hadi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Nyingine hunaswa kwenye mizizi ya mikoko, jua na mawimbi yakazisaga. Ndugu wavuvi, chupa ya maji si boya. Kamba huikata shingo, jua huikausha, inapasuka usiku, na wavu unazama ukiendelea kuua samaki wasiovuliwa na mtu. Boya la kweli au gogo jepesi lina gharama, lakini wavu una gharama kubwa zaidi.

Makopo uani yana madhara yake. Mbu wa dengi hutaga kwenye maji kidogo sana. Chupa iliyokatwa kuwa bakuli la kuku inamtosha, na kutoka yai hadi mbu ni siku 7 hadi 10. Bakuli hilo limwagwe na kusuguliwa kila wiki. Kuyachoma si dawa. Moshi wake una kaboni monoksidi, masizi na kemikali zinazosababisha saratani, na lebo ikiwa ya PVC, aina nyingine ya plastiki, kuna sumu ya dioksini pia. Kuwashia mkaa kwa chupa au nailoni ni kuuleta moshi huo puani mwa anayepika na mtoto aliye mgongoni. Tumieni makumbi ya nazi au vifuu vikavu. Maganda ya korosho tunawasihi myaache, mafuta yake yanachoma macho na kifua.

Kilichobaki ni kuyakusanya, na hapa tatizo letu ni umbali. Kopo la nusu lita lina gramu 10 hadi 15, kwa hiyo kilo moja ni makopo 70 hadi 100. Makopo mazima yanayojaza mita moja ya ujazo hayazidi sana kilo 20. Lori lenye nafasi ya mita za ujazo 40 litabeba kilo 800 na hewa nyingi hadi Dar es Salaam, na hiyo hailipi hata mafuta. Yakishindiliwa kwa mashine ya marobota yanafika kilo 250 kwa mita ya ujazo, na lori lile lile linabeba tani 10. Mashine moja ya pamoja kwa mitaa kadhaa ni muhimu kuliko mapipa mia ya rangi.

Wanaookota makopo walipwe zaidi kwa yaliyotengwa, kwa sababu mnunuzi naye hulipa hivyo. Meupe peke yake, ya buluu peke yake, ya kijani peke yake. Kizibo kitolewe na kiwekwe mfuko wake, lebo ivuliwe, kopo likanyagwe. Kopo lisilokanyagwa pia huokotwa na matapeli wanaolijaza maji ya bomba na kuliuza stendi. Mnunuzi akague pete ya kizibo kama iko kamili na haijagundishwa. Yaliyowekwa mafuta ya kula yatengwe. Yaliyowekwa dawa ya mikorosho yasiingie kabisa: yasuuzwe mara tatu, maji ya kusuuza yamiminwe kwenye pampu ya kupulizia, kisha yatobolewe yasitumike tena. Kipande cha PVC kikichanganyika, hata kidogo, kinaungua kabla PET haijayeyuka na kugeuza mzigo mzima kuwa wa manjano.

Vikao vya mitaa na harusi viweke majagi na bilauri. Panapotumika dispensa, isafishwe kila linapobadilishwa chupa, au angalau kila baada ya miezi mitatu: kijiko kimoja cha chakula cha dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato kwenye lita 4 za maji, ikae humo dakika 2 hadi 5, itolewe kupitia koki, isuuzwe hadi harufu iishe.

Na wenyeviti watakaotenga eneo la kukusanyia wachague penye paa. Makopo yakipigwa na jua msimu mzima yanageuka manjano na kuanza kuvunjika, mnunuzi hukata bei, na vipande vinavyobaki chini mvua ya Desemba huvipeleka moja kwa moja ghubani. Karibuni kwa maswali. Wenye visima vya chumvi wabaki baada ya kikao tuzungumze kisima kwa kisima.